Miwani Niliyokukatalia kwa Pranlal

Kibokoni, Mombasa
Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Twaha,

Asalaam aleikum. Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umo chumba cha pili unafunga mzigo, na tangu jana mchana hujanisemesha ila kwa "naam" na "la". Yangu utaijua ukiendelea kusoma. Mamako ameniuliza ni mtu gani anayemwandikia barua mwanawe aliye nyuma ya ukuta. Nimemjibu kwamba kuna maneno ulimi wangu umeshindwa nayo miaka saba, na nataka kujaribu kalamu. Akanisogezea kiti karibu na dirisha, akajitanda buibui lake akaenda zake kwa jirani.

Sitakwambia uswali kwa wakati, wala usilale na nguo mbichi, wala usile samaki wa jana. Hayo mamako ameshakwambia mara tatu, na kesho kituoni atakwambia mara ya nne. Mimi nakuandikia habari za miwani.

Jana dukani kwa Bwana Pranlal nilikukosea adabu. Ulikuwa umeivaa ile nyeusi yenye mikono ya rangi ya dhahabu, unajitazama kwenye kioo, na haki ya Mungu ilikupendeza. Nikakuvua usoni mbele ya mama mmoja mteja na binti zake wawili, nikakwambia, "Weka chini hiyo! Wewe wenda kuvua au wenda senema?" Wale mabinti wakacheka. Nikakununulia ile ya rangi ya chai usiyoitaka, ukaipokea kwa mkono mmoja, tukarudi kupitia Marikiti wewe mbele mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Mchukuzi mmoja aliniuliza kama nimepotelewa na mtu.

Kukuvua miwani mbele za watu lilikuwa kosa langu, na nakuomba radhi. Kuikataa ile nyeusi halikuwa kosa. Lakini nilipaswa kukueleza sababu, na sababu yenyewe ni ndefu na haina sifa kwangu.

Nianze na lile lililokuchekesha kabla hatujagombana, nilipokuwa nimesimama mbele ya meza ya vioo ya Pranlal nikiinamisha kichwa huku na huku kama kuku anayemtafuta mwewe. Nilikuwa napima. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unapiga juu ya kioo cha meza, ukazuia kuona fremu zilizopangwa ndani. Kwa miwani inayokata mng'ao, ukitazama kichwa kikiwa wima ule mng'ao unaondoka na unaona vitu vilivyo chini ya kioo. Ukilaza kichwa begani, mng'ao unarudi. Hapo unajua kwamba ile miwani ina kazi. Ile nyeusi niliipima pia kabla hujaivaa. Niliinamisha nikainua, na mng'ao ulikaa pale pale, ila umetiwa giza. Njia nyingine ni kuchukua miwani mbili za namna hiyo, ukaweka kioo cha moja mbele ya kioo cha nyingine, kisha ukaizungusha moja mpaka ikae msalaba. Zikiwa za kweli, kioo kinafunga giza totoro. Zikiwa za mapambo, utaendelea kumwona Pranlal akikutazama.

Maji ndiyo kile kioo cha meza. Kinachokuzuia kuona mwamba si ukali wa jua, ni ule mng'ao uliolala juu ya maji. Ukitia giza tu, umetia giza mng'ao, umetia giza na mwamba, na jicho lako lililo nyuma ya giza linajifungua wazi kama la paka. Rangi ya chai nimekuchagulia kwa sababu utakuwa karibu na miamba, na rangi hiyo hutenganisha mchanga na majani, na majani na jiwe. Wakikupeleka mbali, kwenye jodari na sulisuli, ya rangi ya moshi inapumzisha jicho zaidi, lakini hiyo utajinunulia mwenyewe ukishaanza kupata. Ya buluu usiiguse, hata wakikupa bure.

Hayo yote niliyajua nikiwa nimechelewa mwaka mzima.

Sasa nakuja kwa Ami Kombo, ambaye kuanzia kesho kutwa utakuwa chini yake Malindi. Humu nyumbani umemjua kwa jina la Kombo Lala. Umekua ukisikia kisa chake, jinsi alivyosinzia mbele ya boti mchana wa Ramadhani mpaka tukapanda mwamba. Umenisikia nikiigiza ule mkoromo wake kila Idi, na watu wakishika mbavu. Mwezi uliopita nilikukuta ukimwigizia mjomba wako, na unaukoroma vizuri kuliko mimi.

Twaha, Kombo hakulala.

Ilikuwa kabla ya uhuru, wewe ukiwa darasa la nne au la tano. Nilikuwa nahodha wa boti ya mashine ya Mzungu mmoja aliyechukua wageni kwenda kukokota mishipi nje ya miamba. Kombo alikuwa baharia wangu, na kabla ya hapo alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukichapwa na maalim mmoja. Kazi yake wakati wa kurudi ilikuwa kusimama omo, kule mbele kabisa, akatazama maji na kuniambia nipinde wapi. Mimi nikiwa nyuma kwenye usukani nilikuwa naona kichwa chake na anga tu, na maji kidogo ya ubavuni.

Wiki moja kabla ya Ramadhani nilikwenda kwa Pranlal kununua miwani. Wageni wote walivaa miwani, na mwenye boti alivaa, na nahodha wa boti ya pili alikuwa ameanza kuvaa. Nilitaka na mimi nionekane nahodha. Pranlal, ambaye kazaliwa Mombasa hii na Kiswahili chake hakina tofauti na chetu, alinitolea ya rangi ya chai.

"Hii ndiyo ya baharini," akaniambia.

"Hii? Hii si chai iliyozidishwa maziwa? Jua lote litapita. Huna nyeusi?"

"Nyeusi nnayo. Lakini wewe si wavua?"

"N'navua, ndiyo nataka nyeusi. Nitolee nyeusi kuliko zote."

Akanitolea. Nikatoka nayo mlangoni, nikainua uso nikalitazama jua. Niliweza kulitazama kama ninavyotazama taa. Nikarudi ndani nimefurahi, nikamwambia Pranlal hii ndiyo. Sikushuka hata mara moja mpaka ngazi za Forodhani, mwendo wa dakika chache tu, nikatazame maji. Niliijaribu kwenye jua, na mimi kazi yangu ilikuwa kutazama maji.

Siku yenyewe tulikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe. Walikuwa wamepata nguru wanne na walikuwa radhi. Saa kumi alasiri nikageuza boti kurudi. Njia ya meli ilikuwa na mzunguko, nami nilikuwa na njaa na kiu kama kila mtu, kwa hiyo nikaamua kukata kwenye mlango mdogo wa mwamba upande wa Nyali. Nilikuwa nimeupita mara nyingi. Saa hiyo jua lipo mbele ya uso, na maji yote ni bati jipya. Nikavaa miwani yangu.

Kombo alikuwa wima omo, ameshika kamba kwa mkono wa kushoto. Nilimsikia wazi. Alipiga ukelele, "Pinda kulia! Kulia, Saidi, kuna jiwe!" Mimi nikatazama ubavuni nikaona maji meusi, mbele meusi, kila mahali meusi sawasawa, bila mahali palipopauka. Nikasema moyoni kwamba Kombo ameona majani ya baharini akadhani ni jiwe. Asubuhi ile ile alikuwa ameniita kwa ajili ya majani. Akaita tena, safari hii amegeuka ananitazama, ananipungia mkono wote. Sikupinda.

Boti ilipanda mwamba kwa mbele. Kombo alirushwa, akaangukia kati ya boti na jiwe, na mguu wake wa kulia ukavunjika juu ya goti. Wageni hawakupata kitu ila mishtuko. Walikuwa wamekaa nyuma wakitazama mishipi yao, mashine inanguruma, na Kiswahili hawakujua zaidi ya "jambo". Boti ya Nyali ikaja kutuchukua.

Mwenye boti alitukuta ufukweni. Kombo alikuwa amelazwa mchangani, mguu umefungwa kwa fito mbili za mikoko na kilemba changu. Yule bwana akauliza nani alikuwa mbele. Nikamwambia Kombo. Akauliza alisema nini.

Hapo, mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema, na nikaitazama nafasi hiyo. Nilifikiria kazi yangu. Nilikufikiria wewe na karo, na dadako aliyekuwa tumboni. Hayo yote ni kweli, lakini zaidi ya yote niliona aibu kwamba nilivaa miwani kwa ajili ya kujionyesha. Nikasema, "Hakusema kitu, bwana. Alikuwa amelala. Ni hii Ramadhani."

Alinisadiki papo hapo. Wazungu wengi waliamini kwamba mwezi ule sote twafa usingizi kuanzia adhuhuri, kwa hiyo uongo wangu uliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Nikageuka nikamkuta Kombo amefumbua macho. Alikuwa amesikia. Tangu chuoni hakuwahi kuniita ila kwa jina langu. Siku ile alisema, "Haya, Nahodha."

Nami nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nimekaa na njaa kutwa nzima kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kwenye dakika za mwisho nikafanya lile. Jioni nilifuturu kama kawaida, uji wa pilipili manga, tende, mkate wa sinia. Ningependa kukwambia kwamba chakula kilinikwama kooni. Hakikukwama, nilikula nikashiba, na mpaka leo hilo ndilo linalonichoma.

Kombo alifukuzwa kazi akiwa kitandani hospitali. Sikwenda kumtazama. Nilimtuma mamako na kikapu cha samaki, akarudi akasema mkewe Kombo ameshukuru. Mamako alidhani naona uchungu wa rafiki yangu kupoteza kazi. Nilimwambia ukweli mwaka juzi, na siku tatu hakunipikia. Alivyoweza mwaka huu kunisogezea kiti niandike, sijui. Mguu wa Kombo uliunga vibaya, na baada ya miezi kadhaa yeye na mkewe wakahamia Malindi kwa wakwe zake. Mimi nilipewa boti nyingine.

Kisa cha usingizi nilikianza mwenyewe. Watu barazani waliniuliza ilikuwaje, nami niligundua kwamba nikikieleza kwa uso mkavu wanauliza maswali, na nikikieleza kwa kuchekesha wanacheka wakaridhika. Ndipo nikatia mkoromo. Jina la Kombo Lala nilimpa mimi, na likafika soko la samaki kabla yeye hajatoka hospitali.

Mwaka uliofuata, msimu ule ule wa kaskazi, mgeni mmoja mzee aliniona nafinyafinya macho nyuma ya miwani yangu. Akavua yake akanipa, akacheka, akanionyesha maji kwa kidole. Tulikuwa mbele ya mlango ule ule, saa ile ile, jua mbele ya uso. Nikavaa. Mng'ao wote ukaondoka. Niliuona mchanga wa chini, niliuona ule mwamba wa Kombo umelala kahawia, mrefu, na changu wakipita juu yake mmoja mmoja, ningeweza kuwahesabu. Nikavua nikavaa yangu. Wino. Nikavaa tena ya yule mzee. Na Kombo alikuwa ameuona kwa macho matupu, bila kitu.

Mwenye boti siku hiyo alikuwa nasi, amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kusema, na hata kama kazi ingekwisha, jina la mtu lingerudi. Nilimrudishia mzee miwani yake nikasema, "Nzuri sana, bwana."

Jioni nikaenda kwa Pranlal. Akanionyesha kuinamisha kichwa mbele ya meza, na kuweka vioo msalaba.

"Mbona hukunionyesha haya siku ile?" nikamwambia, nimekasirika kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"N'liitoa nikakwambia ndiyo ya baharini. Wewe ukaniambia ni chai ya maziwa. Ningekufunga kamba?"

Kwa hiyo ile ya rangi ya chai uliyoitupa juu ya sanduku lako, itunze. Ni vioo viwili vimebanwa na utando mwembamba katikati, na chumvi ikipenya pembeni utando unavimba na kufanya mapovu. Ioshe kwa maji baridi ya kunywa kila jioni kabla hujaipangusa, maana chumvi kavu na kikoi hukwaruza kioo. Itie kamba shingoni. Vaa kofia yenye ukingo, kwa sababu mwanga unaoingia kwa juu na kwa pembeni unaharibu kazi yote. Na akiita mtu aliye mbele, pinda kwanza, halafu ndipo uulize ameona nini. Hata kama asubuhi alikuita kwa majani.

Sasa sikiliza lililobaki. Wiki tatu zilizopita, dereva wa basi la Malindi alinisimamisha karibu na Ngome akaniambia ana ujumbe wa Kombo. Amekuwa mkubwa wa manahodha wa hoteli moja kule, ana boti tatu chini yake. Ujumbe wenyewe ulikuwa: "Mwambie Saidi nataka kijana wake. Nasikia ana mato mazuri." Wewe ulirukaruka kwa furaha ya kusifiwa macho, ukasema Ami Kombo hakutusahau. Mimi usiku ule sikupata usingizi, maana sijui amekuita kwa nini. Pengine ni wema tu, naye ni mtu wa wema. Pengine anataka uwe mbele yake akueleze mwenyewe babako ni nani. Ana haki ya yote mawili.

Ninachokijua ni kwamba ungefika kule na ule mkoromo mdomoni. Siku moja jioni, mmekaa na vijana wenzako, ungeutoa ili uwachekeshe, naye angekuwa hapo na mguu wake. Ungemuumiza kwa ulimi wangu, na wewe hujui. Kwa hiyo nimeandika, na mamako atakupa barua hii leo baada ya magharibi, uisome kabla hujala. Nataka kesho ujue unapanda basi na nani.

Maana nimekata tikiti mbili. Mamako anajua. Sikupi salamu umpelekee Kombo, wala karatasi umpe kwa niaba yangu. Nitakwenda mwenyewe, na nitamwambia mbele ya mabaharia wake wote, kwa sababu uongo wangu niliusambaza mbele ya watu. Nikirudi nitaketi barazani hapa Kibokoni nikieleze kisa upya, bila mkoromo, na wacheke wanaotaka.

Huenda akaturudisha sote wawili kwa basi la jioni. Kazi uliyoingoja miaka miwili ukaikosa mlangoni kwa sababu yangu, siku ya kwanza. Nimelifikiria hilo kuliko nilivyofikiria jambo lolote maishani mwangu, na ningeweza kungoja uizoee kazi kwanza, upendwe, ndipo nije. Lakini kungoja ndiyo kazi niliyoifanya miaka saba, na kila mwaka nilikuwa na sababu nzuri kama hii. Ukiona huwezi kunisamehe kwa hilo, una haki, na sitakuuliza lini utaweza. Ukitaka kesho tukae viti mbalimbali, tutakaa.

Jambo moja tu nakuomba. Tutakapofika mbele yake, nami nikaanza kusema, nikakwama, usinisaidie.

Babako,
Saidi